Udongo wa Uskoti Kwenye Friji la Mama Boke

Vijana wangu mnaonisimamisha pale Nkende kila Jumamosi na simu mkononi, mkaniambia "Shikamoo Mzee Skoti, tupe moja ya uhakika," marahaba, lakini ya uhakika sina. Sikuwa nayo hata nilipokuwa kazini. Nilichambua mechi za ligi ya Uskoti kwa zaidi ya miaka ishirini, nyingi nikiwa Matongo, wakati watu wanamiminika kutoka kila kona ya nchi kuja kuchimba dhahabu, na katika miaka yote hiyo neno "uhakika" sikuliandika ubaoni hata mara moja. Nikimwona mtu analiandika kwenye hayo makundi yenu ya simu, najua huyo kazi hii hakufundishwa, kaiokota tu njiani.

Mimi nilifundishwa. Hilo ndilo ninalotaka kuwaeleza, na mtanivumilia nikijisifu kidogo, kwa sababu watu waliokuwa na haki ya kunisifu wengi wao wameshatangulia mbele ya haki.

Jina langu ni Athumani na fani yangu ya kwanza ilikuwa kuandika mabango. Bucha, saluni, maneno ya nyuma ya lori, yote hayo Tarime nilikuwa nayaandika mimi. Dhahabu ilipowapandisha watu wazimu, mdogo wangu Hamisi alibeba sururu akaenda Matongo, na mimi nikabeba brashi zangu nikamfuata, maana penye watu wengi hapakosi wa kutaka bango. Mama yetu alinishika mkono mlangoni akaniambia maneno machache tu, kwamba mimi ndiye mkubwa, na Hamisi nimrudishe mzima. Hakusema arudi tajiri.

Matongo nilipata kazi kwa Mama Boke, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Alikuwa na mgahawa wa chai na maandazi, na alikuwa na kitu ambacho hakuna mwingine pale alikuwa nacho, friji la mafuta ya taa. Soda yake ilikuwa baridi kweli. Aliniagiza ubao mkubwa mweusi wa kuandikia vyakula, nikautengeneza vizuri mpaka akaona haya kuandika "maharage" peke yake juu ya ubao mzuri namna ile. Akaniuliza hakuna kitu kingine cha kuandika hapo kivute watu Jumamosi? Hapo ndipo Mwalimu Werema alipoingia katika maisha yangu.

Mwalimu Werema alikuwa amestaafu ualimu wa jiografia, na kwao ni Nyansurura, ambako alikuwa na ng'ombe wake na shamba lake la mtama. Binti yake aliolewa Matongo, kwa hiyo kila mwisho wa wiki alikuja kwa baiskeli, na redio ya mkulima begani, betri zake zimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Jumamosi jioni aliiweka redio juu ya meza ya Mama Boke na wachimbaji wakajaa kusikiliza matokeo ya Uingereza kwa Kiingereza, yeye akitafsiri. Uingereza ikiisha, watu waliinuka wakaondoka. Mtangazaji alikuwa anaendelea na Uskoti, lakini aliyebaki amekaa ni Mwalimu peke yake, macho kayafumba, kidole kiko kwenye ramani ya zamani ya shule. Kila mji ukitajwa, kidole kinasogea. Nilimwuliza anapata nini humo. Akaniambia Uingereza kila mtu ana la kusema, hata mbuzi wa Mama Boke ana timu. "Wewe jua hawa ambao hakuna anayewajua," alisema, "halafu uone nani atakuja kukuuliza."

Basi nikaanza. Majina halisi ya timu zile msiniulize, maana hata wakati ule hatukuyatumia. Wachimbaji hawakuweza kuyatamka, na mimi ubaoni sikuweza kuyaandika bila kukosea herufi tatu kwa kila jina. Tukawapa majina yetu kufuatana na ramani ya Mwalimu. Mji wa bandari tuliuita Wavuvi. Mji uliokuwa na migodi ya makaa ya mawe tuliuita Makaa, na hao ndio waliopendwa kuliko wote, kwa sababu wachimbaji walisema ni wenzetu. Mji wa milimani uliokuwa na viwanda vya sufu tuliuita Wafumaji. Zile timu mbili kubwa za jiji, ambazo hata nyinyi mnazijua, tuliziita Kijani na Bluu, na sikupoteza chaki nyingi juu yao. Mchambuzi anayeishi kwa kutabiri kwamba mkubwa atamfunga mdogo, huyo hana tofauti na mtu anayetabiri kwamba kesho kutakucha.

Sasa sikilizeni namna ya kufanya kazi, maana hii haijabadilika hata kama siku hizi kila kitu kiko kwenye kiganja. Mwalimu alikuwa na madaftari ya shule ambamo aliandika kila matokeo aliyoyasikia. Alinikataza kuanza na majina ya wachezaji. Uanze na safari, alisema. Timu imetoka wapi, imelala wapi, imerudi lini? Mnajua ng'ombe anayeswagwa kutoka huko Serengeti mpaka mnada wa Tarime anavyofika, mbavu nje na macho mekundu, wakati yule wa hapa hapa anafika anang'aa. Timu iliyokwenda kucheza kaskazini katikati ya wiki ni yule ng'ombe wa kwanza. Halafu ujue kwamba wale wa madaraja ya chini hawaishi kwa mpira peke yake. Beki ni fundi bomba, kipa ni dereva wa lori, na kocha huenda ni mwalimu. Hilo niliposimulia kwa Mama Boke, wachimbaji walifurahi kupita kiasi, na tangu siku hiyo kila kipa akifungwa goli la kizembe walimtetea wakisema labda ameendesha usiku kucha.

Halafu kule timu zilezile zinakutana mara nne kwa msimu mmoja. Hapa ndipo watabiri wengi wanapoangukia pua. Watu wanaokutana mara nne kwa mwaka wanajuana kama majirani wa mpaka mmoja wa shamba. Yule aliyepigwa mara ya kwanza anakumbuka, na mara ya pili anakuja amejipanga. Usitazame nani ni bora. Tazama nani ana kisasi.

Msidhani nilikuwa sikosei. Mwezi wangu wa pili kazini nilipata gazeti la Kenya lililotoka mpakani Sirari limefungiwa sukari, na ndani yake kuna ukurasa wa mechi za Uskoti. Nilifurahi kama mtu aliyeokota jiwe linalomeremeta. Nikaandika ubao mzima: Wavuvi watasafiri, Wavuvi watachoka, Wavuvi watafungwa mbili bila. Jumamosi tukasikiliza redio mpaka mwisho na mechi hiyo haikutajwa. Mwalimu akaomba gazeti, akaligeuza upande wa pili, akakuta tangazo la mbegu za msimu wa mwaka uliopita. Nilikuwa nimetabiri mechi iliyochezwa mwaka mzima nyuma. Mbaya zaidi, alipofungua daftari lake akakuta Wavuvi walishinda. Kwa hiyo hata mechi ambayo matokeo yake yalikwisha kujulikana duniani kote, mimi niliikosea. Wachimbaji waliniimbia wiki nzima.

Na nikiwa nimeshakuwa mtu mzima katika kazi, dishi limeshafika na Mama Boke ana runinga, siku moja gari la mgodi lilisimama mbele ya ubao wangu. Akashuka mzungu mmoja fundi wa mitambo, akasimama anasoma kidole hewani, kisha akagusa mji wa Wafumaji kwenye ramani ya Mwalimu niliyoibandika pembeni, akaniuliza kwa Kiswahili cha kuvunjikavunjika mbona uko hapa. Kumbe ni kwao. Alizaliwa mitaa miwili kutoka uwanja wa Wafumaji. Akaniambia utabiri wangu una kasoro, akachukua chaki akanichorea uwanja wao, na mstari wa uwanja haukuwa bapa, uliinama. Kipindi kimoja unacheza ukipanda, kipindi kingine ukishuka. Miaka yote hiyo nilikuwa nawachambua Wafumaji bila kujua kwamba wanacheza juu ya mteremko kama shamba la Wakisii. Tangu hapo niliwatabiria magoli ya kipindi cha kushuka, na nilikuwa napatia mno. Yule bwana alikuwa anakuja kila Jumamosi kunywa chai, na akiusoma ubao alikuwa anafuta macho.

Lakini hayo yote ni viungo. Nyama ya habari hii ni ya nyuma zaidi, enzi za redio: duara la Magige na Nyamhanga.

Duara ni shimo la wachimbaji wadogo, pamoja na watu wanaolimiliki. Magige alikuwa na watu wake wamechimba upande wa juu, na Nyamhanga na watu wake upande wa korongoni. Hamisi wetu alikuwa kwa Magige. Wiki kadhaa wanachimba bila kuonana, kisha siku moja, chini kabisa ardhini, sururu ya huyu ikatoboa ukuta wa yule, na walipokutana hapo ndipo rifu ilipokuwa, ule mkanda wa mawe wenye mali. Kila mmoja akasema ni yake. Wote walikuwa na haki, na hapo ndipo ugomvi unapokuwa mgumu.

Wazee waliketi baraza la ritongo mara mbili. Kila mzee aliyesimama kusema alikuwa na mtoto au mkwe katika duara moja au jingine, na aliyesema ukweli alizomewa sawa na aliyesema uongo. Likatolewa wazo wacheze mpira wenyewe kwa wenyewe, atakayeshinda aanze kuchimba. Refa tulimtoa mjini Tarime kusudi asiwe na ndugu. Dakika ya ishirini alionekana anakatiza mahindini kwenda barabarani na filimbi bado iko mdomoni, na hatujamwona tena mpaka leo. Baada ya hapo watu wa pande zote mbili wakahamia kulala pembeni mwa duara na silaha. Jioni moja nilimkuta Hamisi ananoa panga, na pale hapakuwa na majani ya kukata. Nikamkumbuka mama yangu mlangoni.

Aliyetoa dawa ni Mama Boke. Viongozi wote wawili walikuwa wanakunywa chai kwake, kila mmoja na kona yake, na yeye akasimama katikati na birika. Akawauliza wale watu wa ubaoni, wale Wafumaji na Makaa, nani kati yao ana shemeji hapa Matongo? Hakuna. Nani anaweza kuwahonga? Hakuna. Mganga gani atafika huko? Hakuna. "Basi wapeni wao wawaamue," akasema, akaendelea kumimina chai.

Ikakubaliwa hivyo. Mechi moja ya Uskoti, kila upande na timu yake. Mshindi anashuka kwanza siku kumi na nne, kisha wenzake siku kumi na nne, na kuendelea. Wakitoka sare, tunangoja mechi nyingine. Nyamhanga alinitazama akasema mdogo wangu yuko kwa Magige, kwa hiyo haniamini kuchagua. Sikukasirika, ningekuwa yeye ningesema hivyohivyo. Akasema nifanye kama watu wanavyogawana nyama: mimi nipasue, yeye achague fungu. Nichague mechi, niandike habari zote za timu zote mbili ubaoni, kisha yeye achague timu anayoitaka. Magige atachukua itakayobaki.

Vijana, ile ndiyo kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kufanya. Fikirini. Maisha yangu yote natafuta mechi ninayoweza kuitabiri, na sasa nilitakiwa nitafute ile nisiyoweza kabisa. Ningekosea kidogo tu upande mmoja ukawa mzito, Nyamhanga angeuona na kuuchukua, na Magige angesema nimewauza, pamoja na mdogo wangu. Mwalimu wiki ile alikuwa kwao Nyansurura na homa, ila alikuwa ameniachia madaftari yake. Nilikaa nayo siku nne. Nikatupa mechi baada ya mechi, hii nyumbani kuna nguvu mno, hii wageni wamepumzika mno. Mwishowe nikapata Wafumaji wanawakaribisha Makaa. Makaa walikuwa bora kidogo, lakini wanasafiri kupanda milimani. Wafumaji walikuwa dhaifu kidogo, lakini kwao hawafungiki kirahisi. Msimu ule walikuwa wameshakutana mara mbili na kila mmoja alikuwa ameshinda mara moja, kwa hiyo hata kisasi walikuwa nacho sawa. Niliandika yote hayo kwa herufi zangu nzuri kabisa, zile za bucha za mjini, na chini, pale ninapoweka utabiri, nikaandika neno moja: SIJUI.

Nyamhanga alisoma mara tatu. Akaenda kushauriana na wenzake, akarudi, akasoma tena. Alikuwa anatafuta mahali nilipoficha kitu na hakupaona, na sitaki kuwaficha, nilivimba kichwa. Mwishowe akachukua Wafumaji, kwa sababu wako kwao. Magige akapata Makaa na akasema sawa, ni wachimbaji wenzetu.

Jumamosi ikafika, mwezi wa kwanza, jua la kupasua mawe. Watu walijaa uwanja mzima mbele ya mgahawa, hawa huku na wale kule, na silaha wamezificha vibaya kusudi zionekane. Mwalimu alifika na baiskeli amepauka kwa homa, akasoma ubao wangu taratibu kama anasahihisha mtihani. Akasema ni kazi safi sana. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Udongo wa huko uliuliza?" Nikadhani ni uzee. Nilikuwa nimeuliza safari, nimeuliza kisasi, nimeuliza kipa, udongo wa nini?

Saa kumi jioni mtangazaji akaanza kusoma mechi ambazo hazitachezwa. Mji wa milimani, mwezi wa kwanza wa mwaka. Uwanja umeganda kwa baridi, refa ameukagua, mechi imeahirishwa. Pale aliyeelewa Kiingereza ni Mwalimu tu, na mimi niliyejifunza kwake. Mwalimu alinitazama, akapunguza sauti ya redio. Alikuwa ananiachia kazi yangu.

Hamisi aliona uso wangu. Akanivuta nyuma ya jiko, nikamweleza. Mdogo wangu si mtu mbaya, lakini alikuwa na miaka ishirini na miwili na rifu ilikuwa mita chache mbele ya sururu yake. "Kaka," akaniambia, "andika Makaa wameshinda. Nani atajua?" Na ni kweli, hakuna ambaye angejua. Ningengoja mpaka saa mbili, saa ya matokeo, nikaandika moja bila, na watu wangekwenda kulala. Uongo wangu ungeaminika kabisa. Ukweli wangu ndio uliokuwa kichekesho, kwamba katika joto lile mahali fulani ardhi imekuwa jiwe kwa baridi. Niliogopa, sikatai. Niliona kabisa kwamba nikiandika ukweli huenda damu ikamwagika jioni ileile, na mama aliniambia nimrudishe mzima. Lakini niliona pia kwamba nikiandika uongo, kila Jumamosi iliyobaki ya maisha yangu nitakuwa nachora mapambo tu. Nikatoka, nikafuta SIJUI, nikaandika: HAIKUCHEZWA. UWANJA UMEGANDA.

Walisoma. Mmoja akauliza umeganda na nini. Nikasema na baridi. Pakatokea kicheko, kisha kicheko kikaisha. Kila upande uliona upande wa pili umeninunua ili kuvuta siku. Nyamhanga alisogea mpaka mbele yangu.

"Mura," alisema, neno la Kikurya la kumwita kijana, "mimi nachimba udongo tangu niko mdogo. Udongo unalowa, unakauka, unaporomoka, unaua watu. Kuganda sijaona. Wewe unatuona sisi ni watoto?"

Mwalimu alijaribu kueleza habari za mstari wa ikweta. Ilikuwa somo zuri, na hakuna aliyelisikiliza. Nikaona mikono inakwenda kiunoni.

Mama Boke akatoka jikoni na sufuria. Hakuangalia mtu. Alikwenda pale anapomwaga maji ya vyombo, penye nyasi na tope, akachota udongo pamoja na nyasi zake, akaushindilia kwenye sufuria. Akaingia, akaondoa barafu yake yote kwenye friji, akaweka sufuria sehemu ile ya juu kabisa, akafunga. Akasema waje kesho asubuhi, na atakayechomoa panga kabla ya hapo, kwake hanywi soda baridi mpaka anazikwa. Wakakubali, kila upande ukaacha mtu mmoja wa kulinda friji. Nadhani historia ya Matongo haijawahi kuwa na tope lililolindwa namna ile.

Asubuhi wote walikuwepo, na mimi sikuwa nimelala. Mama Boke alitoa sufuria, akaipindua juu ya meza, akaigonga kitako. Udongo ukatoka mzima na nyasi zake zimesimama nyeupe, ukagonga meza kwa sauti ya tofali. Magige akaomba tindo na nyundo. Akapiga. Kipande kidogo kiliruka, tindo ikateleza. Akapiga tena. Wachimbaji wakasogea, wakaanza kuugusa mmoja mmoja, wanauweka shavuni, wanaunusa, wanabishana ni wa aina gani na ungehitaji siku ngapi kushuka futi moja. Hawa ni watu wanaojua ardhi kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye, na mbele ya tope la Mama Boke walikuwa wanafunzi. Nyamhanga aliupiga kisigino, akashika mguu. Akauliza juu ya hiki ndiyo mtu akimbie na mpira?

Magige ndiye aliyesema neno la mwisho, na alilisema akiwageukia watu wake mwenyewe, Hamisi akiwa katikati yao.

"Mtu wa kutudanganya angetuletea magoli," alisema. "Asingetuletea barafu."

Mechi ile ilipangwa tena Jumatano ya wiki iliyofuata, usiku wao, na matokeo yangesomwa Alhamisi asubuhi. Siku zote hizo za kungoja hakuna aliyelala na panga. Jumatano jioni Magige alipita na kamba yake ya kushukia shimoni imezungushwa begani, akaniuliza jambo moja tu, udongo ukoje? Nikamwambia umeyeyuka, nimesikia redioni. Nilitegemea kesho yake atakuja na mtu anayejua Kiingereza kusikiliza pamoja nami. Akasema hana haja ya redio, atakuja kusoma nikishaandika.

Alhamisi tulikuwa watatu mezani, mimi, Mwalimu na Mama Boke. Wafumaji moja, Makaa bila. Mwalimu aliandika kwenye daftari, na mimi nikaenda ubaoni. Hamisi alikuwa amesimama nyuma yangu, namsikia anavyopumua, anasoma kila herufi inavyotoka kwenye chaki. Upande wake umeshindwa na anayeandika ni kaka yake wa tumbo moja. Niliandika polepole, na herufi zilikaa sawa.

Hamisi hakunisemesha siku tatu. Siku ya nne alikuja akaagiza chai mbili. Zamu yao ilipofika walishuka na wao wakapata chao, na mwisho wa mwaka nilimrudisha kwa mama na viungo vyake vyote. Leo ana wajukuu, nanyi mnamfahamu, ndiye anayewauzia vocha pale kona.

Mwalimu Werema alinifanya niahidi kwamba sitaandika tena ubao bila kuuliza udongo, na sikuandika. Dishi lilikuja, simu zikaja, mikeka yenu ya kubashiri ikaja, na nikastaafu nikiwa bado nauliza. Nyinyi mnapenda kuniuliza nilipatia mechi ngapi. Sikuhesabu, na Mwalimu aliyekuwa anahesabu hayupo.

Ninachokumbuka ni asubuhi ile ya Alhamisi. Magige alifika na watu wake wote nyuma, akasimama mbele ya ubao, akasoma mara moja. Hakumtazama Mwalimu, hakumtazama Mama Boke, hakuniuliza kitu. Akaivua kamba begani, akavuka upande wa pili, akaiweka mikononi mwa Nyamhanga.